Kwa Nini Sindano ya Ganzi Hushindwa Penye Usaha?

Mgonjwa mwenye jipu la jino huchomwa sindano ya ganzi, lakini pengine maumivu hubaki. Je, dawa ni mbovu? La; sababu ni ya kikemia.

Tuchukue mfano wa lignokeni, iliyotengenezwa Uswidi mwaka 1943. Neva hupeleka habari za maumivu kwa umeme, utokeao ioni za sodiamu zinapoingia kupitia vijilango vya utando wake. Lignokeni huviziba vijilango hivyo kutoka upande wa ndani. Ili zifike huko, molekuli zake hazina budi kupenya utando wenye mafuta, na zisizo na chaji ndizo zipenyazo kwa urahisi.

Lignokeni ni besi dhaifu. Katika pH 7.4, ya mwili wenye afya, molekuli 24 hivi katika kila 100 hazina chaji. Usaha huongeza asidi. pH ikishuka hadi 6.4, hubaki 3 tu.

Kuzidisha dawa kupita kipimo huhatarisha ubongo na moyo. Kwa hiyo daktari huchoma sindano mbali na jipu, kwenye shina la neva, ambako tishu ni salama.