Gari la Babu: Usiliwashe Kwanza

Leo mambo ya mawifi na ya wachumba wasiopokea simu yatasubiri. Kuna barua imenikaa kichwani tangu nilipoisoma, na najua wenye shida kama hii ni wengi, maana ukipita Tanga, Moshi hata Zanzibar hukosi kuona gari la aina hii limelala uani, kuku wametagia kiti cha nyuma.

Mdogo wangu wa Tanga ameachiwa na marehemu babu yake Volkswagen Beetle, lile gari dogo lenye mgongo wa kobe. Liko juu ya mawe chini ya mwembe tangu mzee alipoacha kuendesha kwa sababu ya macho. Baba yake mdogo anataka liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Fundi wa mtaani amefika na betri mkononi, anasema “tupige stata tuone”. Binamu aliyeko Dar ameahidi hela ya rangi, mradi liwe jekundu. Mdogo wangu anauliza: nimsikilize yupi?

Hata mmoja, mdogo wangu. Kwanza gari lenyewe ni la nani? Babu kukwambia kwa mdomo “hili lako” ni jambo zuri la kukumbuka, lakini kadi ya gari bado ina jina lake. Familia ikae kikao, muandike muhtasari, mwende mahakamani mpate msimamizi wa mirathi, kisha yeye ndiye asimamie kubadilisha jina TRA. Kama kadi imeliwa na mchwa, anza na ripoti ya upotevu polisi. Najua unaona nakuchelewesha. Lakini gari likiwa bovu halina ndugu. Siku litakapong'aa ndipo utakaposikia marehemu alimwahidi fulani na fulani. Usitoe hata shilingi ya boliti kabla ya jambo hili kukaa sawa.

Huku mirathi ikiendelea, chukua bisibisi na tochi ukalikague. Kukagua hakuna gharama.

Adui wa Beetle mahali kama Tanga ni kutu kuliko injini. Hewa ya bahari ina chumvi, na majani ya mwembe yanayooza yanashika unyevu kila pembe. Inua zulia. Inua kiti cha nyuma, utakuta betri inakaa chini yake upande wa kulia, na hapo ndipo sakafu huoza mapema kwa sababu ya tindikali. Halafu shuka chini ya milango. Kila upande kuna boksi refu la bati linalotoka nyuma hadi mbele. Wajerumani waliliweka lipitishe hewa ya moto kutoka kwenye injini ili abiria wasigande kwa baridi. Tanga nani anataka joto la nyongeza? Mafundi wetu wengi walikata mabomba yake zamani wakaliona halina kazi. Kumbe boksi hilo hilo ndilo linalobeba nguvu ya bodi nzima. Ligonge kwa mpini wa bisibisi kuanzia mbele kwenda nyuma. Bati zima linaitika kwa sauti kavu. Penye kutu sauti inakuwa nzito, na ukisukuma ncha inaingia. Kuna kipimo kingine: weka jeki ubavuni, inua kidogo, kisha fungua na ufunge mlango. Ukikwama wakati mwanzo ulikuwa unafunga vizuri, ujue bodi inapinda.

Mwisho lala chini utazame mbele, pale ekseli ya mbele inapofungwa kwa boliti kwenye kichwa cha chesisi. Sakafu za kushoto na kulia hubadilishwa, na mapande mapya bado yanatengenezwa hadi leo. Maboksi ya milangoni nayo hubadilishwa, ingawa ni kazi ya mchomeleaji anayejua kupima. Lakini kichwa cha chesisi kikiwa kimeoza kiasi cha kumeguka mkononi, na huna fundi wa uhakika wa kukichomelea kingine, hapo mimi ningesema simamisha matengenezo. Gurudumu la mbele haliwekewi viraka.

Tena jihadhari na puti. Chukua sumaku ndogo, ifunge kwa kitambaa laini, ipitishe kwenye bodi. Pasiponata pana puti, na chini ya puti nene kuna jambo ambalo mtu alitaka usilione.

Ukipita hapo salama, una gari. Sasa tuzungumze breki. Naam, breki kabla ya injini, na fundi akikucheka mwache acheke. Gari lililokaa likiwaka, watu wote uani wanapiga makofi, mtu anaingia ndani, anaweka gia, ndipo wanagundua kwamba hakuna cha kulisimamisha ila ukuta wa jirani. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, hivyo ndani ya mabomba na silinda kunaota kutu. Beetle nyingi za kabla ya 1967 zina mfumo mmoja tu wa breki kwa magurudumu yote 4. Bomba moja likipasuka, kanyagio linagusa sakafu na mambo yamekwisha. Kwa hiyo usiongeze tu mafuta kwenye kikopo. Badilisha masta silinda, silinda ndogo za magurudumuni, na mipira yote inayopinda. Ile mipira ni mijanja: nje inaonekana nzima, ndani imevimba. Ukikanyaga mafuta yanapita, ukiachia hayarudi, gurudumu linabaki limeshikwa hadi dramu inanuka. Kisha tieni mafuta mapya, mtoe upepo gurudumu moja baada ya jingine.

Matairi nayo yasikudanganye kwa kashata zake. Ubavuni kuna tarakimu 4, mbili za wiki na mbili za mwaka lilipotengenezwa. Ukikuta ni tarakimu 3 tu, tairi hilo ni la kabla ya 2000, libaki kuwa bembea ya watoto.

Haya, injini. Hapa ndipo nataka fundi mwenye betri akae pembeni kidogo. Injini iliyokaa miaka imemaliza utando wake wa oili kwenye silinda, na ringi zinaweza kuwa zimegandia. Ukiipiga stata kwa nguvu unavunja kitu ambacho kingefunguka kwa subira. Toa plagi 4. Dondoshea oili kidogo kila tundu, iache ilale usiku kucha, ikibidi hata siku mbili. Kisha weka spana namba 21 kwenye nati ya puli ya dainamo, uzungushe kwa mkono taratibu. Ikizunguka, shukuru Mungu. Ikigoma, ongeza oili na usubiri tena, usiite kijana mwenye misuli.

Ikishazunguka, mwaga oili ya zamani. Beetle inachukua lita 2 na nusu tu, na haina chujio la karatasi kama magari ya siku hizi. Ina wavu mdogo wa chuma chini ya injini, unaufungua, unauosha kwa petroli, unaurudisha na gasketi mpya. Ndiyo maana oili yake inataka kubadilishwa kila baada ya kilomita 5,000 hivi, bila ujanja. Valvu zipimwe injini ikiwa baridi kabisa: kwa injini za 1300 na 1500 nafasi ni milimita 0.15. Pointi za distributa ni milimita 0.4. Fundi anayepima kwa kisu cha bati, yaani fila, mpe kazi. Anayepima kwa sikio, mpe chai aende zake.

Petroli ya zamani msiiguse. Inakuwa kama gundi, ikifika kwenye kabureta inaziba matundu yote. Tangi liko mbele, chini ya boneti, linashikwa na boliti 4. Litolewe, lioshwe, likaushwe. Na mipira yote ya mafuta ibadilishwe, hasa ule unaopita juu ya injini kwenda kwenye kabureta. Huo ndio umechoma Beetle nyingi duniani: mpira umekauka, petroli inadondokea distributa yenye cheche. Mtungi wa kuzimia moto, ambao wengi wetu tunaununua kwa ajili ya trafiki, hapa uwe na gesi kweli na uwe karibu na mkono.

Moto mwingine unatoka chini ya kiti cha nyuma. Betri iko pale, na springi za kiti ziko juu yake. Mtu mnene akikaa, springi inagusa vichwa vya betri, cheche inaruka, na kiti kile cha zamani kimejazwa nyuzi zinazowaka haraka. Funika vichwa vya betri kwa kifuniko cha mpira. Ni kitu cha bei ndogo mno, usikikose. Na kabla fundi hajafunga betri yake, muulize: ni ya volti ngapi? Beetle nyingi za kabla ya 1967 ni volti 6. Betri ya volti 12 kwenye gari la volti 6 inaunguza taa, na koili haitadumu.

Beetle haina rejeta wala maji. Inapozwa kwa hewa, na feni yake imefungwa kwenye mhimili wa dainamo. Kuzunguka injini utakuta mabati mengi meusi yanayoelekeza hewa kwenye silinda. Usikubali fundi ayaache nje akisema “haya hayana kazi, injini ipate upepo”. Bila mabati hayo, na bila mpira unaoziba ukingoni, injini inavuta tena hewa moto iliyotoka kwayo yenyewe. Silinda namba 3 ndiyo hufa mwanzo, kwa sababu kwenye injini za zamani kipoza oili kimekaa mbele yake kinaizuia hewa. Mkanda wa feni ukiubonyeza kwa dole gumba utoe nafasi ya kama sentimita moja na nusu. Na taa nyekundu ya dainamo ikiwaka njiani, usifikirie kwamba ni betri tu, utafika nayo nyumbani. Mkanda unaweza kuwa umekatika, na mkanda ukikatika feni imesimama. Egesha papo hapo, zima.

Ukisikia haya yote unaweza kudhani ni gari la kubembelezwa. La hasha. Beetle ilishinda mbio za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, kwenye barabara za vumbi na matope za Kenya, Uganda na Tanganyika. Na iliendelea kuundwa hadi tarehe 30 Julai 2003 kule Puebla, Mexico, jumla yake duniani zaidi ya magari milioni 21. Ndiyo sababu vipuri havijapotea. Baadhi utavipata ukizunguka Gerezani kule Dar, vingine utaagiza. Nasema hili kwa sababu kuna fundi atakayekushauri utoe injini yote uweke ya Toyota. Mkatalie kwa heshima. Injini ya gari hili inashikwa na boliti kubwa 4 na inashushwa kwa jeki mchana mmoja. Asiyeiweza hiyo, kubadilisha mfumo mzima wa gari ataiweza wapi?

Kuhusu fundi nina neno. Mtafute mzee aliyewahi kuzifanyia kazi, hata kama siku hizi anatengeneza baiskeli. Akae na kijana mwenye nguvu, wazee wanajua na vijana wanainama. Vipuri nunua wewe, mkiwa mmefuatana. Lipa kwa hatua: breki zimeisha, hela ya breki, injini imewaka, hela ya injini. Piga picha kwa simu kabla kitu hakijafunguliwa, na boliti za kila sehemu zikae kwenye kopo lake lenye maandishi. Tena usiingie gereji ukajitangaza “mimi wa kike sijui chochote”. Ukiuliza pengo la valvu ni ngapi, hata bei inashuka.

Safari ya kwanza ni ndani ya mtaa, asubuhi, barabara ikiwa tupu. Kanyaga breki mara nyingi, shuka uguse dramu kama kuna inayochemka kuliko wenzake, tazama chini kama kuna tone. Ukate bima ndogo kwanza, na trafiki wakukague. Barabara ya Segera itakungoja.

Rangi ni ya mwisho kabisa, na binamu asubiri na hela yake. Au bora zaidi, mwombe akununulie breki, uone kama bado anataka liwe jekundu.

Kwa baba mdogo, jibu ni hili. Kama kichwa cha chesisi ni kizima, msiuze. Kama kimekwisha, uzeni gari kwa mtu anayetafuta vipuri vya Beetle, kwa maana milango, injini na giaboksi zina thamani kubwa kuliko uzito wa bati. Kwa kilo, hapana.

Na ninyi wengine wenye Beetle juu ya mawe, niandikieni. Lakini mtaje mwaka wa gari na volti za betri yake, maana bila hivyo viwili sitaweza kuwajibu.