Dondoo muhimu: Njia ya misafara, Bagamoyo hadi Ujiji

Ukiifuata kwa miguu njia ya zamani ya misafara, takriban kilomita 1,200, anza na majina ya mahali kabla ya magofu. Bagamoyo, kwa mfano: wapo wanaosema ni "bwaga moyo" ya mpagazi aliyetua pembe za ndovu akapumzika, wengine husikia humo kilio cha mtumwa anayeuacha moyo wake bara. Utaambiwa simulizi zinazopingana hazifai kuwa ushahidi. Lakini jiwe nalo huchagua la kusema: mnara wa Ujiji umewekwa kwa ajili ya Livingstone na Stanley, waliokutana hapo mwaka 1871, si kwa ajili ya Wanyamwezi waliobeba mizigo begani. Kumbukumbu yao, kama ipo, imo vinywani. Basi uliza swali moja lilelile Mpwapwa, Kwihara na Ujiji, kwa wazee wasiojuana, uandike nani kasema nini. Wanapotofautiana ndipo pa kukaa zaidi. Pita kwanza ofisi ya kijiji ujitambulishe, omba ruhusa kabla ya kurekodi, na usiingie makaburini bila mwenyeji.