Bunduki ya Mawindo, Vipuri vya Kubahatisha na Mkono Wako

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu baada ya kazi za jioni: leo hatuzungumzi juu ya kofia wala buti. Tunazungumza juu ya ile bunduki ya kalibre 12 inayoning'inia nyumbani, ambayo siku ya mapumziko inakwenda porini kutafuta nyama.

Mtu mmoja wa hapa Mikelenge aliletwa dispansere asubuhi, uso umejaa chembe nyeusi za baruti, kidole gumba cha mkono wa kulia kimepasuka. Hakuvuta kifyatulio. Aliweka risasi, akafunga bunduki, nayo ikalia palepale. Jamaa zake walianza kutafuta ni nani aliyemroga. Mimi niliomba nione bunduki.

Sikiliza inavyofanya kazi. Ndani kuna sindano ndogo ya chuma kigumu. Ukivuta kifyatulio, nyundo inaipiga, nayo inagonga fataki iliyo katikati ya kitako cha risasi, kisha inarudi ndani. Sindano ya kiwandani ilikuwa imevunjika, na fundi wa mtaani akachonga nyingine kutoka msumari. Msumari ni chuma laini. Wewe unayefanya kazi ya mawe umeona patasi iliyopigwa nyundo miaka mingi: kichwa chake kinatanuka kama uyoga. Ndivyo ilivyokuwa kwa msumari ule. Ulitanuka, ukanasa katika tundu lake, ncha ikabaki nje. Siku ile alipofunga bunduki, ncha iligonga fataki yenyewe, na mtutu haujafungwa sawasawa. Moto ukatafuta njia ya nyuma, nyuma kuna uso wa mtu.

Sindano ikiwa fupi, risasi haitoki. Ikiwa ndefu, inatoboa fataki na hewa ya moto inarudi kwenye jicho. Tofauti ya urefu huo huwezi kuipima kwa macho, hata uwe fundi hodari wa karakana. Nasema hivi kwa sababu najua wengi wenu mna mikono mizuri ya chuma, na mkono mzuri ndio unaomdanganya mtu.

Tena fikiri juu ya nguvu iliyomo ndani. Gurudumu la lori lina upepo wa bar 8 hivi. Risasi ya kalibre 12 ikilipuka, chumba chake kinabeba bar 600 hata 700. Kwa hiyo bomba la maji si mtutu, hata likiwa nene namna gani. Na kipande cha bati kilichopachikwa ili kuzuia mtutu unaocheza si kufuli. Mtutu ukicheza, bunduki hiyo imekwisha mpaka aishike fundi wa silaha.

Risasi nazo ni kipuri. Tazama maandishi chini ya mtutu: kama ni 65, usitie risasi ya milimita 70. Itaingia vizuri, lakini ikifunguka haina nafasi, na nguvu inapanda. Hatari kubwa zaidi ni kuchanganya kalibre mfukoni. Risasi ya 20 ikitiwa katika bunduki ya 12 inateleza mbele na kukwama ndani ya mtutu. Mwindaji anaona chumba kitupu, anatia ya 12 nyuma yake, anafyatua. Mtutu unapasuka mahali hasa mkono wa kushoto uliposhika.

Sasa mkono wenyewe. Bunduki imetengenezwa ikijua kwamba kuna bega nyuma yake. Kitako kilichobadilishwa kwa mti mwepesi, kifupi, kilichofungwa kwa mpira wa baisikeli, kinapiga shavu na kuteguka mikononi. Nimeona pia mpira uliozungushwa mpaka karibu na kifyatulio, mnene kiasi kwamba kidole hakina nafasi. Ukilowa mvua unateleza na kidole kinavuta bila kutaka. Uondoe.

Kwa bunduki zinazojijaza zenyewe, kama Browning Auto-5 iliyotengenezwa na FN ya Herstal, Ubelgiji, jambo hili ni zaidi. Pale mtutu wenyewe unarudi nyuma ili kutoa ganda na kuleta risasi nyingine. Bega likilegea, bunduki yote inarudi pamoja nao, na ganda linakwama. Pete zilizo chini ya mtutu zikipotea au zikipangwa vibaya, mti wa mbele unapasuka. Bastola ya mlinzi ni vivyo hivyo: kifundo cha mkono kikilegea, inakwama, halafu mtu anailaumu silaha.

Ukifyatua na isilie, usiifungue. Elekeza mtutu mbali na watu, hesabu pole pole mpaka 60, ndipo utoe risasi. Fataki iliyolowa inaweza kuchelewa.

Na mama, ajali ikitokea, usisubiri kikao cha ukoo. Damu ikitoka, kandamiza kwa kitambaa safi kwa nguvu na usifunue kila mara kuangalia. Kama mkono unaruka damu na haikomi, funga kitambaa kipana juu ya jeraha, kaza, uandike saa uliyofunga. Palipoungua, mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake mafuta ya mawese wala dawa ya meno. Muulize kama amewahi kuchomwa sindano ya pepopunda, utuambie ukifika.

Jicho lililoingia baruti halisuguliwi, wala halitiwi maziwa. Lifunike kwa kikombe safi kisichogusa jicho lenyewe, ufunge kwa kitambaa, umlete hata kama ni usiku.