Kipofu, Asiyeona na Nafsi ya Tatu

Makala haya yanahusu mafunzo ya haki za watu wenye ulemavu katika Kisii na Nyamira, hasa dhana potovu zinazobebwa na lugha. Mjadala aghalabu huanzia kwenye neno "kipofu". Wapo wanaodai kuwa kiambishi KI- humshusha mtu hadhi, kama katika "kiziwi" na "kiwete", ijapokuwa upatanisho wake ni wa A-WA. Ndipo wakapendekeza "asiyeona". Hoja hiyo ina mashiko nusu tu. "Kiongozi" na "kinyozi" nao wana umbo hilo, wala hatujasikia wakilalamika.

Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakataza kudunishwa kwa namna mbili: mtu anavyotajwa na anavyosemeshwa. Hili la pili ndilo tulilolisahau. Tuchukue soko la Keroka, mpakani mwa kaunti hizi mbili. Tuseme mama asiyeona amefika na mpwawe kununua ndizi. Mwuzaji anamwuliza mtoto: "Anataka za pesa ngapi?" Neno "kipofu" halikutamkwa, ila mteja amekwisha kuondolewa katika nafsi ya pili na kutupwa katika ya tatu, kana kwamba asiyeona hasikii wala haamui.

Mkufunzi na awape washiriki mauzo hayo wayaigize, kisha wayarudie: "Mama, unataka za pesa ngapi?" Baadhi yao, bila shaka, watapaza sauti pasipo sababu; wasahihishwe papo hapo. Wengine watamvuta mkono, badala ya kumpa kiwiko akishike mwenyewe.