Pembe Ikikataa Kukaa

Mdogo wangu uliyeniandikia kuhusu bamba la polikaboneti, nimekuelewa. Unalikunja bila joto hadi pembe ya nyuzi 90, ukiliachia linajikunjua kidogo, na kesho yake pembe imesogea tena. Lakini kwenye kompyuta bamba hilohilo linarudi bapa kama halikuguswa. Usikate tamaa. Kompyuta inajibu kile ulichoiuliza.

Ukiipa sifa za mnyumbuko peke yake, lazima bamba lirudi bapa, maana mnyumbuko haubakizi kitu. Ukiongeza mfululizo wa Prony, yaani hesabu ya mnyumbuko unaochelewa, kurudi kunachelewa tu; kwa plastiki ngumu mwisho wake ni bapa vilevile. Pembe inayobaki inatokana na mgeuko wa kudumu. Kwa hiyo modeli yako inahitaji vyote viwili: sehemu inayogeuka kwa kudumu, na sehemu inayorejea polepole kadiri muda unavyopita.

Halafu, dada, fuata mwendo wa fundi: kunja, shikilia, achia, subiri. Bamba likishikiliwa, mkazo ndani yake hulegea, ndiyo maana lililokaa kwenye kalibu dakika kumi hujikunjua kidogo kuliko lililoachiwa papo hapo. Weka muda halisi wa karakana yako, usibuni. Washa hesabu ya migeuko mikubwa. Gawa unene wa kona katika elementi kadhaa, kwa sababu upande wa nje unavutwa na wa ndani unagandamizwa.

Usichanganye kujikunjua huko na krip. Krip utaiona bamba likishafungwa mahali pake na kubeba mzigo: mzigo ni uleule, ila plastiki inazidi kujivuta mwezi hadi mwezi. Hiyo ina kipimo chake, ISO 899-1, na kifanyike kwenye joto ambalo bamba litaishi nalo, kwani joto likipanda krip huenda kasi.

Nakuomba jambo moja kabla ya kuagiza kalibu. Kata vipande vichache vya bamba lilelile, vikunje, upime pembe baada ya dakika moja, saa moja, siku moja na wiki moja. Rekebisha modeli mpaka ifuate vipimo hivyo vyote, si cha kwanza tu. Ikifuata, itakuambia uzidishe pembe ya kukunja kwa kiasi gani. Isipofuata, usiitolee hata shilingi moja ya kalibu.