Wanawake Walioinama: Millet Alikuwa Akisema Nini?

Swali: Nasomea uchoraji hapa Kakuma. Mwalimu alituonyesha picha ya Jean-François Millet ya wanawake watatu wakiokota masuke. Kwa nini iliwaudhi watu? – Msomaji, Kakuma

Jibu: Millet alizaliwa mwaka 1814 katika familia ya wakulima huko Normandy, Ufaransa, na shamba alilijua kwa mikono yake. Mwaka 1849 alihamia kijiji cha Barbizon, akaishi huko hadi alipofariki mwaka 1875.

Picha hiyo ilionyeshwa Paris mwaka 1857, miaka tisa tu baada ya mapinduzi ya Ufaransa ya 1848. Matajiri walikuwa bado wanawahofia maskini, na hapa maskini wamepewa nafasi ya mbele, wakubwa kama mashujaa.

Tazama kwa mbali: marundo ya mavuno, mkokoteni, na msimamizi juu ya farasi. Utajiri upo, ila hauwafikii wanawake hawa. Sasa tazama mstari wa upeo: miili yao karibu yote imebaki chini yake, kana kwamba ardhi imewashika.

Nasi Afrika Mashariki tulikuwa na mchoraji wa namna hiyo, Sam Ntiro wa Machame, Tanzania, aliyefundisha Makerere na kuchora maisha ya wakulima wa kwao.

Nawe ukichora akina mama wa Lodwar wanaobeba kuni au makaa, amua kwanza mambo mawili: upeo utapita wapi, na nani atakaa mbali. Hapo ndipo maana huanzia.