SOMO LA KIKUNDI: CHAI ILIYOFUFUKA

Kikundi kikikutana Kangemi, Kawangware au Dagoretti, chai haikosi. Leo tujifunze kutoka kwa hicho kikombe.

Mnada wa chai ulianza hapa Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969. Huko Mombasa majirani zetu wa Uganda pia huuza chai yao nyeusi. Mwaka 1972 Uganda ilitoa karibu kilo milioni 23. Mwaka huo huo Idi Amin akawafukuza Waasia, wakiwemo wenye mashamba ya chai. Viwanda vikakosa vipuri, vita vikaja, na mwaka 1980 zilipatikana kama kilo milioni 1.5 tu.

Lakini mchai haufi haraka. Usipochumwa wala kupogolewa, hukua ukawa mti mrefu, na mizizi ingali hai. Kuufufua kuna kazi tatu:

1. Kuukata uwe mfupi, uchipue upya. Hapo mkulima hungoja miezi bila kupata hata senti, na wengine hukata tamaa.

2. Kujaza mapengo kwa miche mipya.

3. Kutengeneza viwanda na barabara. Majani yaliyochumwa leo yafike kiwandani leo. Yakilala ndani ya gunia hupata joto na kuharibika.

Kufikia mwaka 2000 mavuno ya Uganda yalikuwa yamepita yale ya 1972. Basi kazi imekwisha? La! Kule mnadani, chai ya Uganda kwa kawaida imepata bei ya chini kuliko ya Kenya. Sababu moja ni uchumaji. Chai nzuri hutoka kwa majani mawili na kichipukizi. Ukichuma na yale makubwa magumu, gunia linajaa upesi lakini chai inakuwa hafifu. Na kwa vile kiwandani majani huchanganywa, anaumia hata jirani aliyechuma vizuri.

Kikundi kilicholala ni vivyo hivyo. Kabla ya kuanzisha kingine, angalieni kama mizizi iko: wanachama waaminifu, daftari la hesabu, kazi mnayoijua. Wingi hurudi mapema, sifa huchelewa.

Maswali ya kujadili:
- Katika kikundi chetu, ni kitu gani kinahitaji kukatwa ili kichipuke?
- Tutaishi vipi katika miezi ile ya kungoja?
- Ni nani kati yetu anajaza gunia kwa majani magumu, na tutamwambiaje kwa upendo?